Moshi wa Mafuta ya Cherehani

Sauti nyembamba ndizo zilizopotea kwanza masikioni mwa Valerian. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mkonge, jirani na kijiji cha Mazinde, na kazi yake ilikuwa kando ya korona, ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge na kutoa singa, zile nyuzi zake nyeupe. Kelele za korona alizichukulia kama vumbi: unazoea, jioni unaoga. Kisha siku moja, nyumbani, mkewe Rhoda akamwuliza kwa nini hapokei simu iliyokuwa ikiita mezani mbele yake. Valerian aliitazama. Taa yake ilikuwa inawaka na kuzima, lakini yeye hakusikia kitu.

Ngurumo alizipata. Lori likipita barabarani alijua, ng'ombe akilia alijua. Lakini kila sauti iliyokuwa nyembamba ilikuwa imekwenda: mluzi wa birika, mlio wa simu, mwisho wa maneno ya watu. Daktari aliyempima alimwambia hazitarudi.

Alipoacha kazi kiwandani alifungua gereji nyuma ya nyumba yake, Kwamndolwa, pembeni mwa mji wa Korogwe. Habari ya masikio hakumwambia mtu. Alijifunza kuwatazama watu midomo, na asipoelewa aliitikia kwa kichwa na kuinama kwenye injini kama mtu aliyezama katika kazi. Mambo yakaenda hivyo miaka mitano. Mwaka wa sita, mwalimu mmoja akaleta pikapu yake, Valerian akaipima na kusema ni nzima. Twaha, kijana aliyefundishwa ufundi na Valerian mwenyewe na ambaye sasa alikuwa na gereji yake mjini, alikuwa amepita kusalimia. Akasogea, akainamisha kichwa.

"Mzee, hapa kuna hewa inavuja," alisema. "Inapuliza kabisa. Husikii?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini watu wanne walikuwa wamesimama pale, na wote wakasikia. Tangu siku hiyo waliokuja kwa Valerian walikuwa wa kubadilisha oili na kuziba pancha. Gari lenye ugonjwa halikuletwa tena.

Ndiyo maana, Jumatano moja ya mwezi wa tano, alishangaa kuona stesheni wagoni nyeupe ikiingia uani kwake huku ikitetemeka, mzunguko wa injini ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, kisha ikazima yenyewe kabla dereva hajagusa ufunguo.

Dereva alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, kajifunga mtandio wa kijani, ana vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama. Karibu."

Aliitwa Faudhia, mama Ukasha, kutoka Misima huko Handeni. Alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, na aliwasambaza mwenyewe kwa gari hilo, wakiwa wa siku moja tu, kwenye maboksi yenye matundu. Alianza kueleza haraka haraka, na Valerian, kwa mazoea, akaanza kuitikia kwa kichwa. Kisha akajisikia amechoka na mchezo huo. Akainua mkono.

"Mama, subiri kidogo. Masikio yangu yana kasoro. Sauti nyembamba sizipati. Ukinitazama usoni na kusema polepole, nitakuelewa yote."

Faudhia alimwangalia. Valerian alitegemea kumwona akirudi garini. Badala yake akasogea hatua moja mbele, akaanza upya, polepole.

Gari lilikuwa linazima tangu mwezi uliopita. Likiwa kwenye mwendo halina neno. Tatizo ni likisimama: mzunguko wa injini wakati gari limetulia, ule ambao mafundi wanauita sailensa, unapanda na kushuka, halafu kimya. Mafundi watatu walishalishika. Mmoja alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu alikuwa Twaha. Huyo alilipima kwa mashine ya kompyuta, ikaonyesha hewa ni nyingi kuliko mafuta, akabadilisha sensa ya ekzosi. Gari likatulia siku mbili, likarudia yale yale.

"Wiki tatu zilizopita lilinizimia kule Sindeni, saa saba mchana," Faudhia alisema. "Likakataa kuwaka kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Nilikuwa na vifaranga mia tano. Nilifungua milango yote, nikawapepea kwa kanga. Mia na arobaini walikufa mikononi mwangu. Nilikuwa nawapeleka kwa kina mama wa Mazinde, kikundi chao cha ufugaji. Wamenivumilia. Wamesema niwaletee wengine Ijumaa hii, na nisipowafikisha wazima watatafuta mtu mwingine."

"Wanatotolewa lini?"

"Kesho. Mayai yameshaanza kupasuka. Ijumaa alfajiri lazima niondoke."

"Na gari la kukodi?"

"Magari ya kukodi yanaweka maboksi juu ya keria, juani. Nimeshajaribu. Fundi, nimekuja kwako kwa sababu wengine wote nimewamaliza."

Valerian hakukasirika. Faudhia aliyasema hayo kwa unyoofu, na ilikuwa kweli.

"Liache hapa," alisema. "Rudi ukawaangalie vifaranga wako. Sitakuahidi kitu nisichokijua, lakini sitalifunga boneti hili mpaka nijue."

Faudhia akamwachia ufunguo na namba ya simu, akaenda kupanda basi dogo la Handeni.

Valerian aliwasha gari, akaweka viganja vyake viwili juu ya injini. Mkono ulimwambia kile ambacho sikio lisingemwambia: mtetemo ulikuja kwa mawimbi, kama homa inayompanda mtu na kushuka. Plagi zilikuwa nzuri. Mafuta yalifika. Mashine ya Twaha haikudanganya. Hewa ilikuwa nyingi mno. Injini inatakiwa kuvuta hewa kupitia mlango mmoja tu, na kompyuta inaipima mlangoni hapo ili itoe mafuta ya kuitosha. Hewa ikipata tundu lingine la kuingilia, haipimwi, na injini inapewa mafuta pungufu. Likiwa kwenye mwendo, hewa ya wizi ni kidogo mbele ya hewa yote inayovutwa. Likisimama, hewa hiyo hiyo inatosha kulizima.

Kwa hiyo kulikuwa na tundu. Wapi?

Fundi mwenye masikio anainama, anatafuta mlio wa "sss" mpaka aufikie. Hiyo ndiyo njia aliyofundishwa yeye, na ndiyo aliyomfundisha Twaha. Valerian alizima gari, akaketi juu ya tairi bovu. Hakukaa kuwaza unyonge wake. Aliwaza jambo jingine: Twaha ana masikio mazima na hakuliona tundu hili. Wale wengine wawili pia. Feni inavuma, mkanda unavuma, na tundu lenyewe huenda limejificha. Kama lingekuwa la kupatikana kwa masikio, lingeshapatikana.

"Nitalitafuta kwa macho," alisema kwa sauti.

Rhoda alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Akainua uso ili mumewe amwone anavyosema.

"Hewa inaonekana kwa macho, Baba Stefania?"

"Ikitiwa moshi inaonekana."

Alichukua kopo tupu la rangi lenye kifuniko cha kubana. Akatoboa matundu matatu. Kwenye la kwanza alipitisha plagi ya joto ya lori bovu la dizeli, ile inayopasha injini kabla haijawaka. Akiiunga na betri inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Kwenye la pili aliingiza mpira wa pampu ya miguu, ya kujazia baiskeli. La tatu lilikuwa la mpira wa kutolea moshi. Kilichobaki ni mafuta ya kuchoma, na yasiwe ya kuripuka.

"Nipe yale mafuta yako ya cherehani," alimwambia mkewe.

"Chupa nzima?"

"Nusu."

Rhoda akamletea chupa, na akabaki kutazama.

Jaribio la kwanza halikufaa. Alikanyaga pampu mara tatu, kifuniko kikaruka hadi kwenye banda la kuku, na moshi wote ukamvaa yeye. Rhoda alicheka mpaka akashika ukuta. Valerian akakohoa, akafuta macho, akaenda kuokota kifuniko. Safari hii alikizungushia gundi ya gasketi, akakifunga kwa waya, akaacha gundi ikauke kwa saa moja huku injini nayo ikipoa. Kisha akaziba mlango wa hewa wa injini kwa mfuko wa nailoni na mpira wa tyubu, akachomoa kijipaipu kimoja chembamba juu ya injini, na hapo akaunga mpira wa moshi.

"Nikanyagie pampu," alimwambia Rhoda. "Polepole, kama unavyoshona pindo."

Rhoda alivua kandambili, akakanyaga. Valerian alipiga magoti akizunguka injini na tochi mkononi, ingawa ilikuwa mchana. Dakika moja. Mbili. Kisha, kando ya kijiti cha kupimia oili, uzi mwembamba wa moshi ukachomoza, ukapinda, ukapanda juu.

Alimwita Rhoda aje auone. Mpira mdogo wa duara kwenye shingo ya kile kijiti ulikuwa umekauka na kupasuka. Alitafuta mwingine kwenye mkebe wake wa vitu vya akiba, akaubadilisha, akarudishia kila kitu, akawasha gari. Kiganjani, homa ilikuwa imepungua. Alihesabu hadi sitini na gari lilikuwa linanguruma bado. Alihesabu hadi mia. Alipofika mia na kumi injini ikashuka, ikapanda, ikashuka tena na kuzima.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala. Rhoda alimletea chai.

"Mwambie ukweli yule mama," alisema. "Mpigie leo, apate muda wa kutafuta gari jingine."

"Bado nina kesho nzima."

"Na kesho usipopata?"

"Nitamwambia kesho." Alikunywa chai yote kwa mkupuo. "Mama Stefania, tundu lipo. Nimelipunguza, sijalimaliza. Siwezi kukiacha kitu ambacho najua kipo."

Alhamisi, kabla ya saa moja asubuhi, alikuwa uani tena. Akatia moshi mara ya pili. Safari hii hakuna hata uzi mmoja uliotoka, si kwenye gasketi, si kwenye paipu, si popote. Kopo lilisema injini imezibika kote. Akaondoa vifaa, akawasha, na baada ya muda mfupi gari likazima.

Hapo ndipo alipokaribia kukata tamaa. Aliweka tochi chini, akatembea hadi kwenye mpaka wa kiwanja, akarudi. Moshi unasema hakuna tundu, injini inasema lipo. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli, isipokuwa kama kuna mahali ambapo hewa inaingia na moshi haufiki.

Akachukua simu na kumwandikia Faudhia ujumbe: "Mbali na kuzima, gari lina kasoro gani nyingine? Hata ndogo, hata kama unaona haihusiki. Niandikie yote."

Jibu lilichukua nusu saa. Baadaye alikuja kujua kwamba Faudhia alikuwa anahamisha vifaranga, mikono yote miwili imejaa. Ujumbe ulisema: "Kioo cha nyuma hakishuki. Redio mbovu. Breki nayo imekuwa ngumu nikishuka mlima, inabidi nikanyage kwa nguvu zote. Nilidhani ni goti langu."

Valerian aliusoma, akausoma tena pale palipotaja breki.

Nyuma ya injini, kwenye ukuta unaoitenga na dereva, kuna sevo ya breki, kitu cha chuma cheusi kama sufuria mbili zilizofunikana. Hiyo ndiyo inayomsaidia dereva kukanyaga, na nguvu yake inatoka kwenye mvuto wa injini, kupitia mpira mnene wa hewa. Katikati ya mpira huo kuna vali ndogo ya plastiki inayoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu: kutoka kwenye sevo kwenda kwenye injini. Kurudi hairuhusu. Yeye alikuwa ametia moshi upande wa injini. Moshi ulifika kwenye vali ukakuta mlango umefungwa. Hewa ya wizi, inayoingilia ng'ambo ya pili, ilipita hapo hapo bila kizuizi.

Mafundi wote wanne, yeye akiwemo, walikuwa wameuliza habari za kuzima. Hakuna aliyeuliza habari za breki.

Aliwasha gari, akafunga kitambaa kwenye plaizi, akaubana ule mpira mnene taratibu, karibu na injini, huku kiganja cha mkono wa kushoto kikiwa juu ya chuma. Mtetemo ukapanda, ukashuka, ukatulia. Akahesabu mia. Mia mbili. Injini ilisimama kwenye mzunguko mmoja, sawa kama cherehani ya Rhoda kwenye mshono ulionyooka. Alipoachia plaizi, homa ikarudi.

Alizima gari na kusubiri lipoe. Kisha akachomoa mpira pale kwenye vali, akaunga kopo upande wa sevo, akamwita Rhoda. Rhoda alikanyaga pampu. Moshi ulitoka mara moja, kwa wingi, kutoka chini ya mpira, mahali unapopinda na kulalia kipande cha chuma. Valerian alipoupindua kwa kidole aliona ufa wa urefu wa nusu kidole. Ukiutazama kwa juu, mpira ulikuwa mpya kabisa. Kwa chini ulikuwa umesagwa na chuma kile, mtetemo kwa mtetemo, kwa miaka.

"Ndio huo?" Rhoda aliuliza.

"Ndio huu."

Akaegemea gari, akavuta pumzi ndefu. Rhoda akampiga begani mara moja, akarudi kwenye sare zake.

Ilikuwa saa sita mchana. Valerian aliukata mpira ule, akautia mfukoni na kwenda mjini, Manundu, kwenye maduka ya spea. Duka la kwanza hawakuwa nao. La pili muuzaji alimpa mpira wa petroli wenye unene ule ule.

"Huu utakaa vizuri tu, mzee. Wengi wanatumia."

"Huu umetengenezwa kusukumwa kwa ndani," Valerian alisema. "Injini ikiuvuta utajibana kama mrija wa soda. Na mwenye gari anashuka milima." Akaurudisha juu ya kaunta.

Duka la tatu lilikuwa limefungwa. Alisimama kivulini, akijua pa kwenda na hataki kwenda. Nyuma ya gereji ya Twaha kulikuwa na gari lililopinduka mwaka juzi, stesheni wagoni ya aina ile ile, inauzwa vipande vipande. Tangu siku ya pikapu ya mwalimu hakuwa ametia mguu pale. Aliangalia saa ya simu. Saa saba kasoro. Akavuka barabara.

Twaha alitoka chini ya lori alipoona viatu vya Valerian.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nahitaji mpira wa sevo kutoka kwenye lile gari lako bovu. Ni wa ile nyeupe ya mama wa Misima."

Akamwonyesha ufa. Twaha aliugeuza geuza mpira mkononi muda mrefu. Kisha akanyanyua uso, akahakikisha Valerian anamwona midomo.

"Gari hili nililisikiliza nusu saa nzima."

"Ningekuwa na masikio yako, na mimi ningelisikiliza nusu saa," Valerian alisema. "Sina. Sauti nyembamba zilishanipotea, Twaha. Zamani. Siku ile ya pikapu ulisema kweli."

Twaha alifuta mikono kwenye suruali. "Nilijua tangu nilipokuwa najifunza kwako. Nilikuwa nikikuita kwa nyuma huitiki. Siku ile neno lilinitoka tu, na baadaye nikaona aibu kuja kukuomba radhi. Nisamehe, mzee."

"Yamekwisha. Nipe spana."

Wakaenda pamoja kwenye gari bovu. Twaha alitaka kufungua mwenyewe, Valerian akamwacha. Mpira ulitoka mzima na vali yake. Valerian akaukagua kwa nje pande zote, akauziba upande mmoja kwa kidole, akavuta hewa kwa mdomo upande wa pili. Ulimi ulinasa. Akahesabu thelathini, bado umenasa. Mpira ulikuwa mzima.

"Ulilipataje tundu?" Twaha aliuliza.

"Kwa moshi. Kesho kutwa njoo nikuonyeshe. Leo sina muda."

Kufunga kulichukua nusu saa. Kile kipande cha chuma kilichousaga mpira wa zamani alikipinda pembeni kwa nyundo, kisha akauvika mpira mpya ala ya tairi la baiskeli pale unapopinda, ili hata vikigusana usikwanguke. Akakanyaga breki mara tano gari likiwa limezimwa, mpaka pedali ikawa ngumu kama jiwe. Akaishikilia hapo kwa mguu, akawasha. Pedali ikazama chini ya unyayo wake, laini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Akaliacha gari lisimame likinguruma, akaingia ndani kuoga na kula ugali. Alipotoka, lilikuwa linanguruma bado. Rhoda aliinua dole gumba kutoka barazani.

Lakini gari la kusimama uani halikumtosha. Saa tisa na nusu alimwandikia Faudhia asije, atalileta mwenyewe. Alitaka kulishusha kwenye milima mguu wake mwenyewe ukiwa kwenye breki. Kutoka Korogwe hadi Misima alisimama kwenye kila tuta, akalitia gia huru na kungoja, mkono kwenye dashibodi. Alipita Sindeni bila shida. Penye mteremko mkali alijaribu breki mara tatu, kwa mguu mmoja, bila nguvu, na gari likatii. Mwenye basi dogo lililokuwa nyuma yake alichoka na kusimama simama huko, akampita huku akimwonyesha mkono wa kuuliza. Valerian akampungia.

Nyumba ya Faudhia ilikuwa ya matofali, na chumba cha nyuma kilikuwa na pazia zito. Faudhia alimpokea mlangoni pamoja na mdogo wake, Fatu. Valerian alikuwa ameacha injini inanguruma uani, na wote watatu wakasimama kulitazama gari hadi dakika kumi zikaisha. Faudhia akaenda, akakaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga breki. Alibaki ameshika usukani, kichwa kimeinama.

"Kumbe si goti," alisema aliposhuka.

"Si goti, mama. Ni mpira." Akampa ule wa zamani, akamwonyesha ufa. "Ukisikia breki imeanza kuwa ngumu tena, usingoje gari lizime. Niandikie siku hiyo hiyo."

Fatu akamkaribisha awaone vifaranga. Nyuma ya pazia kulikuwa na joto na taa ya manjano, na sakafu nzima ilikuwa na maboksi, na ndani ya maboksi mamia ya vifaranga wanatikisika na kupandana. Midomo yao yote ilikuwa wazi. Valerian aliiona ikifunguka na kufunga, mamia ya midomo, na chumba kilikuwa kimya kabisa. Alijua si kimya. Fatu alikuwa anasema kitu huku amejiziba sikio moja na kucheka, kwa jinsi walivyokuwa wanapiga kelele.

Aliinama, akaingiza mkono kwenye boksi la karibu. Vifaranga wakamzunguka vidole. Alihisi mioyo yao, midogo, inapiga haraka haraka, na vifua vinavyotetemeka kwa ule mlio ambao yeye hakuupata. Faudhia alimwona, akasogeza boksi jingine karibu naye.

"Wangapi?" Valerian aliuliza aliposimama.

"Mia sita na kumi na wawili."

Alirudi Korogwe kwa basi la mwisho la jioni.

Ijumaa Faudhia aliswali alfajiri, wakapakia maboksi na Fatu, wakaondoka kabla jua halijachomoza. Korogwe mjini kulikuwa na foleni: lori lilikuwa limekwama kwenye njia panda, magari yamesimama pande zote. Alikaa pale dakika ishirini, injini inanguruma, vioo wazi, na mkono wa Fatu ukipepea kwa mazoea ingawa hapakuwa na haja. Gari halikuzima. Saa mbili na nusu waliingia Mazinde, na kina mama walikuwa wameshatandaza maranda kwenye banda jipya. Walihesabu vifaranga mmoja mmoja. Watatu tu ndio walikuwa wamekufa. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo, alihesabu mara ya pili kwa kutoamini, kisha akaagiza wengine mia nane kwa mwezi wa saba.

Faudhia alimwandikia Valerian kutoka pale pale bandani. Valerian alimsomea Rhoda ujumbe huo, naye Rhoda akamwuliza kama sasa anaweza kununuliwa chupa nyingine ya mafuta, maana ile imebaki matone na sare hazijaisha.

Jumamosi Twaha alikuja kama alivyoambiwa. Alikuja na gari, la mteja wake mwingine, na gari hilo lilikuwa linatetemeka. Mwenye gari mwenyewe alikaa kiti cha mbele, akatazama kopo la rangi lililofungwa waya bila kuficha mashaka yake.

"Shuka, kaka," Valerian alimwambia. "Simama hapa mbele yangu nikuone unavyosema. Sauti nyembamba sizipati. Sasa niambie. Usianze na kuzima. Anza na kila kitu kingine."